Shilingi 1,200 za nani? Deni la mtamba la mwaka 1977

Karatasi yenyewe ni nusu ukurasa wa daftari la shule, lenye mistari ya bluu, iliyokunjwa mara nne hadi kwenye mikunjo imetoboka. "Nimepokea mtamba mmoja mwekundu kwa Sh. 1,200/=. Nitalipa baada ya Pasaka." Chini kuna saini mbili na tarehe: 8 Januari 1977. Ilikuwa Jumamosi, siku ya soko Taveta.

Muuzaji alikuwa babu yangu, mkulima wa kahawa wa upande wa Himo, Kilimanjaro. Mnunuzi alikuwa rafiki yake wa siku nyingi, mkazi wa Taveta, Kenya. Mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa, alivushwa mpakani Holili kwa miguu asubuhi, na kabla ya jua kuwa kali alishakuwa ng'ambo. Februari ya mwaka huohuo Tanzania ikafunga mpaka. Pasaka ikapita, zikafuata nyingine, na deni likaja kulipwa mwaka 1991.

Kwenye karatasi hakuna mahali palipoandikwa ni shilingi ya nchi gani. Hilo ndilo lililozua ugomvi, na ndilo linalofanya kisa hiki kifae kuchambuliwa na mtu yeyote anayetaka kujua jinsi shilingi ya Kenya na ya Tanzania zilivyoachana. Mimi nimepiga hesabu hii zaidi ya mara kumi, kwa kalkuleta na kwa kichwa, na kila ninapobadilisha kipimo napata jibu jingine.

Kwa nini hawakuandika

Wazee hawa wawili hawakuwa wazembe. Walikuwa watu wa shilingi moja. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa London mwaka 1919, ilikuwa ikitoa shilingi ileile kwa Kenya, Uganda na Tanganyika tangu miaka ya mwanzo ya 20, na Zanzibar ikaingia mwaka 1936. Shilingi 20 zilikuwa pauni moja ya Uingereza. Ndiyo maana hadi leo mzee wa Kenya anaweza kukwambia kitu kinauzwa "pauni" akimaanisha shilingi 20.

Mwaka 1966 kila nchi ikafungua benki kuu yake na kutoa noti zake. Tanzania ilitangulia mwezi Juni, Uganda ikafuata Agosti, Kenya Septemba. Kwa hiyo shilingi yetu ni dada mkubwa kwa miezi mitatu, jambo ambalo huwa napenda kuwakumbusha Wakenya wanapotucheka kwa sifuri nyingi. Zote zilizaliwa na uzito uleule: shilingi 7 na senti 14 kwa dola moja ya Marekani. Uingereza iliposhusha thamani ya pauni Novemba 1967, hakuna nchi hata moja ya Afrika Mashariki iliyoifuata. Dola ilipoanza kuyumba miaka ya 70, ziliyumba nayo pamoja. Oktoba 1975 zikaachana na dola na kufungwa kwenye SDR, kapu la sarafu linalotumiwa na Shirika la Fedha la Kimataifa, tena kwa kiwango kimoja.

Dalili za kuachana zilikuwepo, lakini zilikaa benki na forodhani. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 70 kila nchi ilikuwa imeanza kuwekea wenzake vizuizi vya kuhamisha fedha, na noti za jirani hazikupokelewa tena kirahisi kama zamani. Mtu wa Himo anayemuuzia mtu wa Taveta ng'ombe hakusoma sheria za fedha za kigeni. Alijua shilingi ni shilingi, na ukitazama vitabu, Januari 1977 alikuwa sahihi: dola moja ilikuwa shilingi 8 na senti 28 hivi, Nairobi na Dar es Salaam. Moja kwa moja.

Namba kama zilivyo vitabuni

Hizi hapa ni shilingi ngapi za Tanzania zilizolingana na shilingi 1 ya Kenya. Nimezipata kwa kuchukua wastani wa mwaka wa kila sarafu dhidi ya dola na kugawanya moja kwa nyingine, kwa sababu sarafu ndogo kama zetu kwa kawaida hupimwa kupitia dola.

1966 – 1.00
1977 – 1.00
1980 – 1.10
1983 – 0.84
1985 – 1.06
1986 – 2.0
1987 – 3.9
1988 – 5.6
1990 – 8.5
1991 – 8.0
1993 – 7.0
1995 – 11.2
2000 – 10.5
2005 – 14.9
2015 – 20.3
2020 – 21.5
2023 – 17.0

Mtu akiisoma orodha hii harakaharaka atasema shilingi ya Tanzania ilikuwa nzima hadi 1985, halafu ikaanguka ghafla alipoingia Mzee Mwinyi. Nimeisikia kauli hiyo vijiweni, na nimeisikia hata kwa watu waliosoma. Lakini tazama ule mstari wa 1983. Unasema shilingi ya Kenya ilikuwa na thamani ndogo kuliko ya Tanzania. Kwamba ungekwenda na shilingi 100 za Kenya ungerudi na 84 za Tanzania.

Mwambie hilo mtu yeyote aliyekuwa na akili timamu Kilimanjaro mwaka 1983. Ni mwaka ambao sabuni ya kipande ilikuwa zawadi ya harusi, na mafuta ya Kimbo, dawa ya meno na sukari vilipita njia za panya kutoka Taveta na Loitokitok usiku. Ni mwaka ambao Waziri Mkuu Edward Sokoine aliendesha msako wa wahujumu uchumi, na watu wakatupa mabelo ya vitambaa mitoni wasikutwe navyo. Katika hali hiyo, nani angetoa shilingi 100 za Kenya, zinazonunua sabuni dukani mchana kweupe, apewe 84 za Tanzania ambazo duka lake ni tupu?

Namba ile ilikuwa ya serikali. Ilikuwa bei ya kitu ambacho wewe na mimi tusingeuziwa. Ukiomba fedha za kigeni benki, unajaza fomu na kusubiri, na ukikosa unakosa. Mtaani ilikuwapo bei nyingine. Kufikia katikati ya miaka ya 80 dola moja ilishapita shilingi 100 kwa walanguzi, wakati Benki Kuu ilikuwa bado imeishikilia kwenye 17. Ukigawanya 100 hiyo kwa 16 za Kenya, bei ya dola hiyohiyo Nairobi, unapata sita na ushee. Kwa hiyo pengo lilishafunguka zamani, ila halikuwa limeandikwa. Kilichotokea kati ya 1986 na 1990 ni daftari la serikali kuufukuza mtaa.

Anayechota takwimu za zamani za kubadilisha fedha mtandaoni aikumbuke hii. Safu ya namba hukaa imenyooka, tarehe kushoto, thamani kulia, na haikwambii ni mwaka gani bei ilikuwa ya soko na mwaka gani ilikuwa amri. Kwa Tanzania, namba za kuanzia mwisho wa miaka ya 70 hadi mwanzoni mwa miaka ya 90 zisome kwa jicho moja limefumba.

Kenya ilianguka kwanza

Kuna jambo watu husahau. Shilingi iliyoanza kushushwa kwa nguvu haikuwa yetu. Kenya ilishusha thamani mara mbili mwaka 1981, na mara nyingine mwishoni mwa 1982, mwaka wa jaribio la mapinduzi. Dola iliyokuwa shilingi 7 na senti 42 mwaka 1980 ilifika 16 na senti 43 mwaka 1985. Yaani katika miaka mitano shilingi ya Kenya ilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake kwa dola, na nchi ikaendelea kuwa na sabuni.

Tanzania ilikuwa na mizigo mizito zaidi, na haki isemwe. Bei ya kahawa iliyopaa baada ya baridi kali kuharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975 ilikuwa imeshashuka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikufa 1977, na kila nchi ikalazimika kununua ndege zake na vichwa vyake vya treni. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, na vita vile tulivilipia kwa fedha za kigeni ambazo hatukuwa nazo. Mwaka 1979 mafuta yakapanda. Hakuna sera ya shilingi ambayo ingeyafuta hayo.

Ubishi ulikuwa juu ya nini kifanyike baada ya hapo. Edwin Mtei, aliyekuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu mwaka 1966, kisha Katibu Mkuu wa Jumuiya hadi ikavunjika, alikuwa Waziri wa Fedha. Aliona shilingi ishushwe na nchi ikubaliane na Shirika la Fedha. Mwalimu Nyerere alikataa. Ujumbe wa Shirika uliondoka mikono mitupu, Mtei akajiuzulu Desemba 1979, na katika salamu za mwaka mpya wa 1980 Mwalimu akauliza tangu lini IMF, yaani Shirika hilo, imekuwa wizara ya fedha ya dunia. Swali lilikuwa zuri. Hoja yake nyingine nayo ilikuwa na uzito: kushusha shilingi hakuufanyi mbuni uzae zaidi mwezi ujao, lakini kunapandisha bei ya dawa na vipuri mwezi huuhuu.

Pale alipokosea, kwa maoni yangu, panaonekana ukisimama kwenye kihamba cha babu, yaani shamba lake la nyumbani.

Kahawa ya babu

Kahawa ya Kilimanjaro huuzwa mnadani Moshi na kwenda ng'ambo kwa dola. Mkulima haioni dola hiyo. Anapewa shilingi, na idadi ya shilingi inatokana na kiwango cha Benki Kuu. Tuchukue dola moja ya kahawa mwaka 1985. Kwa bei ya serikali ni shilingi 17, na humo bado haijatolewa kodi wala gharama za kuuza zao. Dola hiyohiyo kwa bei ya mtaani ni zaidi ya shilingi 100. Na mkulima akienda kununua jembe, shati au betri ya redio, hapewi kwa bei ya dola ya shilingi 17. Vitu hivyo havipo dukani. Vipo kwa mlanguzi, naye amevinunua kwa dola ya 100.

Yaani aliuza kwa shilingi nzito na kununua kwa shilingi nyepesi. Tofauti ile ilikuwa kodi, ila haikuwa na jina la kodi. Bunge halikuipitisha wala mkulima hakuwahi kupewa stakabadhi yake. Iliyofaidika ni taasisi au mtu aliyepewa kibali cha kununua dola kwa 17.

Babu hakuwa na lugha hiyo. Alichofanya ni kuacha kupulizia mibuni dawa, akapanda maharage katikati ya mistari, baadaye nyanya. Majirani zake waliokuwa na ujasiri zaidi walipeleka magunia Kenya usiku, ambako kilo ililipwa kwa shilingi inayonunua kitu. Serikali ikaita magendo, na kisheria yalikuwa magendo kweli. Lakini tatizo lilianzia kwenye namba ile ya 17, na askari wa mpakani hana silaha ya kupigana na namba.

Hapo ndipo sehemu kubwa ya pengo ilipotengenezwa. Fedha za kigeni zilipungua kwa sababu wakulima waliacha kuzizalisha, na waliacha kwa sababu bei ya fedha hizo ilikuwa ya uongo. Na kadiri zilivyopungua, ndivyo uongo ulivyozidi kuwa mkubwa.

Serikali yenyewe ilianza kulegeza kabla ya 1986. Shilingi ilisogezwa hadi 12 mwaka 1983, na hadi 17 katikati ya 1984. Mwaka huo pia wafanyabiashara waliruhusiwa kuleta bidhaa kwa dola zao wenyewe bila kuulizwa wamezipata wapi, na maduka yakaanza kujaa. Mpaka ulikuwa umefunguliwa Novemba 1983, baada ya mpatanishi Victor Umbricht wa Uswisi kumaliza kugawa mali za Jumuiya. Mwinyi alipoingia Novemba 1985 alikuta mlango umeachwa wazi kidogo. Juni 1986 dola ikawa shilingi 40. Mwaka 1990 wastani ulifika 195.

Siku ya kulipa

Rafiki wa babu alifariki mwaka 1990. Mwaka uliofuata mwanawe alikuja Himo na karatasi pacha ya ile ya kwetu, kwa sababu marehemu alimwachia maneno: kuna deni la mtamba Himo. Nilikuwa mdogo, nimekaa kwenye ngazi ya jiko, na nakumbuka alivyovua kofia kabla ya kufika mlangoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Wewe ni wa nani?"

Alipojitaja, babu alinyamaza muda mrefu, halafu akasema aletewe kiti chenye mgongo.

Baada ya chai yule kijana alitoa bahasha. Ndani kulikuwa na shilingi 1,200 za Kenya, kamili. Baba yangu mdogo, aliyekuwa karani mjini Moshi na kujua mambo ya reti, akapiga hesabu palepale: moja kwa nane, hizo ni 9,600 zetu. Akasema ni nyingi, mgeni asidhulumiwe, kwani mzee aliuza mtamba Tanzania, kwa shilingi ya Tanzania. Shilingi 1,200 za Tanzania kwa siku ile zilikuwa 150 tu za Kenya. Kisheria ukitaka kuwa mkali, hoja yake ilikuwa na miguu: deni hulipwa kwa idadi iliyoandikwa, na sarafu ni ya mahali mali ilipouzwa.

Bibi alicheka kwa hasira. Mia na hamsini za Kenya ndiyo bei ya mtamba?

Nimekuja kukokotoa njia ya tatu miaka mingi baadaye. Shilingi 1,200 za Januari 1977, iwe za Kenya au za Tanzania, zilikuwa dola 145. Dola 145 mwaka 1991 zilikuwa shilingi 3,990 hivi za Kenya, au 31,800 za Tanzania. Na dola yenyewe si jiwe. Kati ya 1977 na 1991 ilikuwa imepoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake ya kununua huko kwao Marekani.

Kwa hiyo karatasi moja, siku moja, kwa fedha za Tanzania: 1,200, au 9,600, au 31,800. Jibu kubwa ni zaidi ya mara 26 ya jibu dogo. Kila mmoja wao anaweza kulitetea jibu lake bila kusema uongo.

Mtu akiniuliza lipi lilikuwa sahihi, nasema la kwanza ndilo baya kuliko yote. Linambebesha mdai hasara yote ya miaka 14 ambayo hakuisababisha yeye. La pili linafanana na haki kwa sababu shilingi ya Kenya ilitunza thamani vizuri zaidi, lakini nayo iliporomoka kutoka 8 hadi 27 kwa dola, na mdeni anafaidika na huo uporomokaji. La tatu linamfanya mdeni alipe kana kwamba angeweza kuweka akiba ya dola chini ya godoro, jambo ambalo Kenya na Tanzania zote lilikuwa kosa wakati ule.

Wao walimaliza kienyeji. Kijana aliongeza noti mpaka zikafika nne za 500, yaani shilingi 2,000 za Kenya, na juu yake mfuko wa sukari na doti mbili za khanga kwa bibi. Babu akachana karatasi pacha, ile ya mdeni. Ya kwetu hakuichana. Sijui kwa nini, na hakuwahi kusema.

Sanduku la bati

Laiti hesabu ingeishia pale. Babu hakubadilisha zile 2,000. Miaka kumi na kitu ya ulanguzi ilikuwa imemfundisha kwamba noti ya Kenya haiozi, kwa hiyo akaziweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na karatasi za shamba. Na wakati ule hapakuwa na duka la kubadilisha fedha la halali. Maduka hayo yaliruhusiwa mwaka 1992.

Mwaka huo huo Kenya ilikuwa inaelekea uchaguzi wa vyama vingi wa kwanza tangu miaka ya 60. Wafadhili walishasimamisha misaada Novemba 1991. Kampuni ya Goldenberg ilikuwa ikilipwa na hazina ya Kenya fidia ya kusafirisha nje dhahabu na almasi, mali ambayo Kenya ilikuwa haichimbi kwa kiasi cha kuonekana. Fedha nyingi ziliingia mtaani kuliko bidhaa. Mwaka 1993 mfumuko wa bei Kenya ulipita asilimia 40, riba ya hati fungani za serikali za muda mfupi ikapita asilimia 70, na dola iliyokuwa na wastani wa shilingi 32 mwaka 1992 ikawa na wastani wa 58. Gavana aliondolewa, akaingia Micah Cheserem.

Habari ilifika Himo kwa namna yake: "Ya Kenya nayo imekuwa madafu." Sisi huita shilingi yetu pesa ya madafu, kwa mzaha na kwa uchungu kidogo, na kusikia neno hilo likiambiwa shilingi ya Kenya lilikuwa jambo geni. Babu akaogopa. Akachukua zile noti nne, akapanda basi hadi Moshi, akazibadilisha dukani, dirishani, kwa mara ya kwanza maishani mwake akipewa risiti ya kubadilisha fedha. Alipata sita na senti kadhaa kwa kila moja. Elfu 13 hivi. Mwaka 1991 angepata 16,000.

Cheserem akakaza. Shilingi ya Kenya ikapanda, na wastani wa 1995 ukawa 51 kwa dola wakati yetu ilishafika 575. Zile 2,000, kama zingebaki sandukuni, zingekuwa 22,000 na zaidi. Baba mdogo alimwambia hivyo mezani, jambo ambalo halikuwa la busara. Lakini hata yeye alikosea hesabu, kwani mfumuko wa bei Tanzania ulikuwa ukipita asilimia 20 kila mwaka kwa kipindi chote hicho. Shilingi 22,000 za 1995 zilinunua vitu vichache kuliko 16,000 za 1991. Noti ya kigeni ingemkinga babu na kushuka kwa shilingi ya kwao, lakini si kikamilifu, kwa sababu bei za sokoni zilikimbia kuliko reti.

Tangu hapo

Tangu miaka ya 90 sarafu zote mbili zinauzwa sokoni na hadithi imekuwa ya polepole. Pengo liliendelea kupanuka taratibu, kutoka 10 mwaka 2000 hadi zaidi ya 21 mwaka 2020. Kisha likapungua, na safari hii mchezaji mkuu alikuwa Kenya. Deni la dola bilioni 2 lililotakiwa kulipwa Juni 2024 liliwatia wawekezaji hofu, shilingi ya Kenya ikateremka hadi 160 kwa dola Januari mwaka huo, na pale Holili moja ya Kenya ikawa chini ya 16 za Tanzania. Februari serikali ikakopa upya na kuanza kununua deni lile, na ndani ya wiki chache dola ikarudi kwenye 130. Wenye maduka ya mpakani waliolala na mzigo wa Kenya Januari waliamka matajiri kidogo Machi.

Mkataba wa sarafu moja ulisainiwa Kampala Novemba 2013, kwa lengo la kuanza 2024. Sasa wanasema 2031. Sarafu tuliyokuwa nayo 1965 tutaipata tena, Mungu akipenda, baada ya miaka 66.

Na kuna kosa moja ambalo kila mwaka nalisikia: eti kwa kuwa moja ya Kenya ni zaidi ya kumi zetu, basi Mkenya ni tajiri zaidi ya mara kumi. Idadi ya sifuri haisemi hivyo. Yeni ya Japani ni nyepesi kuliko shilingi ya Kenya, na hakuna anayemhurumia Mjapani. Kinachosemwa na namba hiyo ni kwamba katika miaka fulani, hasa kama kumi hivi, bei za kwetu zilipanda kuliko za kwao, na kwamba sehemu kubwa ya kupanda huko ilikuwa imefichwa kwa muda nyuma ya namba ya serikali.

Bibi alikuwa na hesabu yake, ambayo haikuhusu dola wala SDR. Kwa miaka mingi alikuwa akipata habari za Taveta kutoka kwa wanawake wa soko la Jumatano, na alijua kila kitu kuhusu yule mtamba mwekundu. Alizaa mara saba, majike matano. Mmoja wao alitolewa mahari mtoto wa pili wa mdeni alipooa. Akisikia sisi tunabishana kuhusu moja kwa nane au moja kwa kumi na moja, alikuwa anaendelea kuchambua maharage kwenye ungo, halafu anauliza, bila kuinua macho, kama kwenye hesabu yetu tumewaweka wale ndama.